Wanafunzi 42 kutoka Wete kwenda Unguja kwa siku mbili: tukate nini?

Mwalimu wa Historia, Wete

Assalaam alaykum. Skuli yetu ya hapa Wete, Pemba, inakusudia kuwapeleka Unguja wanafunzi 42 wa Kidato cha Pili, wa kike na wa kiume, wakifuatana na walimu watano, na wengi wa watoto hawa hawajawahi kuvuka bahari. Tutalala usiku mmoja katika dakhalia (bweni) ya skuli moja ya mjini. Kamati imeniletea orodha yenye jumba la Beit-el-Ajaib, Ngome Kongwe, Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, bustani ya Forodhani, kisiwa cha Changuu, magofu ya Maruhubi, Kidichi, Mangapwani, msitu wa Jozani na msikiti wa kale wa Kizimkazi. Mimi naiona imezidi, lakini kila ninapotaka kufuta jina moja hutokea mjumbe wa kulitetea. Naomba mnisaidie kwa sababu ambazo nitaweza kuzisimamia mbele ya kamati.

Maalim wa Mjini

Wa alaykum salaam, Maalim. Anza na ramani, nayo itakukatia nusu ya orodha bila ya kugombana na mtu. Maruhubi, Kidichi na Mangapwani ziko upande wa kaskazini ya mji, ilhali Jozani na Kizimkazi ziko kusini, na gari moja haiwezi kwenda huku na huku kwa siku moja ikabaki nafasi ya watoto kushuka, kusikiliza na kuuliza. Kwa vile siku ya kwanza mtafika kwa boti mkiwa mmechoka, ibakisheni kwa Mji Mkongwe peke yake, na siku ya pili mchague upande mmoja tu.

Beit-el-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, msiihesabu miongoni mwa majengo ya kuingia, kwani sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Mtaiona kwa nje mkiwa Forodhani, na huko kuporomoka kwenyewe ni somo: waulize wanafunzi ni nani mwenye dhamana ya kulitunza jengo lililomo katika mji ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Ngome Kongwe iko jirani, hatua chache tu. Changuu ifute. Kobe wake wanapendeza, ila ni safari nyengine ya bahari, na utalazimika kupata jaketi za kuokolea za watu 47 kabla hujamruhusu mtoto hata mmoja kupanda mashua.

Mahali pa kutopaharakisha ni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, kisha kanisa la Anglikana likajengwa katika uwanja ule ule. Niliwahi kuongoza kundi ambalo tulilitengea dakika ishirini tu hapo, na watoto wakatoka wakikumbuka minyororo tu. Mara ya pili niliwafundisha darasani wiki moja kabla, nikawaeleza kuwa wapo wanahistoria wanaohoji kama vyumba vya chini ya ardhi wanavyooneshwa wageni hapo vilitumika kweli kuwafungia watumwa, kisha nikawataka wasikilize maelezo ya mtembezaji na wapime wenyewe. Tulikaa karibu saa mbili, na hakuna aliyeuliza tunaondoka lini.

Gari haingii katika vichochoro, kwa hivyo mtashuka Darajani na kwenda kwa miguu. Usiwatembeze 42 kwa mstari mmoja, kwani mkia utapotea kabla ya kona ya tatu. Wagawe katika makundi matano, kila mwalimu na lake, na hesabu ifanywe kwa majina mlangoni pa kila jengo.

Mzee wa mwanafunzi, Mkoani

Mimi nasema kwa upande wa wazee. Mkondo wa Nungwi haujasahaulika huku kwetu tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mkituletea barua ya ruhusa, isiwe na gharama tu. Andikeni ni boti gani, inaondoka saa ngapi, na kwamba kila mtoto atakuwa na tiketi yenye jina lake mwenyewe. Kukiwa na upepo mkali wa kusi muahirishe, hata kama dakhalia imeshalipwa. Na kutoka Wete hadi bandarini Mkoani ni kukata kisiwa kizima, basi watoto wale kitu chepesi alfajiri, boflo na chai ya tangawizi, maana mwenye tumbo lililojaa ndiye wa mwanzo kutapika.

Mstaafu, Chake Chake

Sipingi safari, bali napinga mpango wake. Mtoto wa Wete anapelekwa Ngome Kongwe ya Unguja na hajapanda tuta la Pujini hapa hapa Pemba, ngome ya mtawala wa kale Mkama Ndume, ambaye wazee husimulia kuwa aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Hajaona makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu wala makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya hapa Chake. Safari hiyo ni ya siku moja, haina boti wala malazi. Wapelekeni Pujini kwanza, muhula huu huu, ndipo watakapofika Unguja wakiwa na kitu cha kulinganisha.

Mwalimu wa Historia, Wete

Nimeshukuru sana. Hoja ya ramani nimeifikisha kwa mwalimu mkuu na ameikubali. Siku ya kwanza itakuwa Mkunazini, Ngome Kongwe na Forodhani. Siku ya pili tutakwenda kusini, Jozani kuwaona kima punju na njia ya mbao ndani ya mikoko, kisha Kizimkazi Dimbani, kwa sababu nataka wanafunzi wayaone kwa macho yao yale maandishi ya msikitini ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Tutasali adhuhuri hapo hapo. Ziara ya Pujini nimeiombea Jumamosi moja kabla ya safari. Mjumbe aliyekuwa akiitetea Changuu bado hajaridhika. Nimemuomba atafute yeye hizo jaketi 47.