Wakuu, hii dir na Ihnen ya Kijerumani imenishinda

Mgeni_wa_Kassel: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko Ujerumani najifunza unesi kwenye nyumba ya wazee. Juzi asubuhi namvalisha bibi mmoja soksi nikamuuliza kwa upole wangu wote Kann ich dir helfen? (naweza kukusaidia?) Akanitolea macho, Wir duzen uns nicht!! yaani mimi na wewe hatuitani du, ile "wewe" ya watu waliozoeana. Nikaambiwa heshima ni Sie, basi kesho yake nikaja na Kann ich Sie helfen, mwenzangu akaangua kicheko eti sema Ihnen. Sasa hii Ihnen imetokea wapi tena??

Fundi_Sarufi: Pole mkuu wote tumepita hapo. Shida ni kwamba sisi nakuona na nakusaidia ni "ku" ileile, Mjerumani anazitenganisha, Ich sehe dich lakini Ich helfe dir. Kwa heshima inakua Ich sehe Sie, Ich helfe Ihnen. Kitenzi ndo kinaamua, helfen (kusaidia), danken (kushukuru), antworten (kujibu), gehören (kuwa mali ya mtu), zuhören (kusikiliza) zote zinataka dativ, yaani lile umbo la dir na Ihnen, ukikariri kitenzi kariri na mtu wake kabisa, Ihnen helfen, Ihnen danken. Halafu kuna ile ya kumletea mtu kitu, nakuletea chai, Ich bringe Ihnen den Tee, ile "ea" ya kuletea mara nyingi inakustua kwamba dativ iko hapo. Ila usiiamini sana maana nakusubiria ni Ich warte auf Sie, hapo hakuna Ihnen.

mama_kijacho: Naongezea, hiyo Sie ya heshima asili yake ni "wao", ndo maana hata kwa bibi mmoja unasema Sie haben, kitenzi cha wengi. Wao kwenye dativ ni ihnen, ukiandika kwa heshima unaweka I kubwa, kwa sikio hazina tofauti. Sisi bibi unamwambia umeamkaje kama unavyomwambia mdogo wako, heshima imeshamalizwa na shikamoo, wao hawana shikamoo wameiweka kwenye Sie.

Dereva_Mstaafu: Kijana, anayetoa ruhusa ya du ni mkubwa, wewe usianze. Na hapo kazini kwako achana na majedwali, shika haya: Ist Ihnen kalt? (unasikia baridi?) Schmeckt es Ihnen? (chakula kitamu?) Wo tut es Ihnen weh? (unaumwa wapi?) Usije ukamuuliza bibi wa watu Sind Sie kalt, utakua unamuuliza kama hana huruma 😂 Mie nilishajisemea Ich bin kalt mbele ya wakwe, baridi yenyewe ya Januari, mezani wakatazamana, kumbe ni Mir ist kalt (nasikia baridi).

Mgeni_wa_Kassel: Aiseee asanteni sana. Leo nimeingia na Ist Ihnen kalt? Kimya kidogo, halafu Nein danke, mir ist warm (hapana asante, nasikia joto), akaninyooshea mguu mwenyewe.