Nililipia kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho siku 8, nikapandishwa kwa njia ya Machame siku 6, na jibu nililopewa ni "mlima ni ule ule"

Wakuu, salaam.

Wiki tatu nimejizuia kuandika uzi huu, maana kwa hasira niliyokuwa nayo ningeandika matusi. Hasira bado ipo, ila sasa mikono imetulia.

Mimi si mgeni wa kutoka Ulaya. Ni mwalimu, naishi Morogoro, na Jumamosi zangu nyingi zimeishia kwenye vilima vya Uluguru. Kilimanjaro niliipangia miaka miwili. Nilivunja hisa zangu za VICOBA, mdogo wangu wa kike akachanga za kwake, tukalenga sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Tukalipa kampuni moja ya Moshi. Jina siliweki hapa kwa sababu malalamiko yenye jina nimeshayapeleka kunakohusika, sitaki mtu aseme nimemchafua mtandaoni.

Njia tuliyochagua ni Lemosho, siku 8, na hatukuichagua kwa kubahatisha. Nilisoma ratiba za njia zote, nikawauliza waliopanda, nikapiga hesabu ya kila kambi na urefu wake. Lemosho inaanzia magharibi kabisa, unajiandikisha geti la Londorosi, unaingia msitu wenye mbega hadi kambi ya Mti Mkubwa. Siku ya pili msitu unaisha, vichaka vinashuka hadi magotini, na mbele yako unafunguka uwanda wa Shira. Ule uwanda wenyewe ulikuwa volkano. Kilimanjaro ni volkano tatu, Shira, Kibo na Mawenzi, na Shira ndiyo kongwe, ilishabomoka zamani ikabaki hiyo tambarare juu ya mita 3,500. Unaitembea toka ukingo hadi ukingo, Kibo, yenye kilele, iko mbele yako muda wote, unaisogelea taratibu. Kisha unapita kusini ya mlima na kushukia Mweka. Yaani umeingilia upande mmoja, umetokea mwingine. Hicho ndicho nilichokitaka. Kilele nilikitaka pia, sikatai, lakini kama ningetaka kilele peke yake ningechukua njia ya bei nafuu.

Asubuhi ya safari tukachukuliwa hotelini. Kwenda Londorosi unafika Boma Ng'ombe, unapinda kuelekea Sanya Juu. Gari letu halikufika Boma. Likakata kulia njia panda ya Machame.

Nikauliza, "Kaka, mbona huku?" Kiongozi akamwangalia dereva, dereva akaangalia barabara. Hatimaye nikaambiwa kundi letu la Lemosho lilikuwa dogo, "tumewaunganisha na wenzenu wa Machame, mwalimu usijali, mlima ni ule ule, njia zenyewe zinakutana huko juu." Nikapiga simu ofisini, nikaambiwa hivyo hivyo kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Wenzetu wanne kwenye gari wameshavaa buti, mdogo wangu ananivuta shati, pesa yote imeshalipwa. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu na naliandika wazi ili wewe usilirudie: ukiona gari limekata njia isiyo yako, shuka.

Sasa tuje kwenye huo "ule ule" wao.

Ni kweli Lemosho na Machame zinakutana kabla ya Lava Tower, ule mwamba mkubwa. Kwa hiyo nilichopotezewa ni siku tatu za mwanzo zote: msitu wa magharibi, ukingo wa Shira, na uwanda wenyewe. Badala yake nikapewa msitu wa Machame katikati ya mvua za vuli, tope hadi kwenye vifundo, umati wa sikukuu, na foleni kwenye kila mzizi. Watu wanaoipenda Machame wana haki yao. Mimi sikuilipia.

Lakini mandhari ningeweza kusamehe. Wasichoweza kusamehewa ni siku walizokata. Siku 8 zilikuwa 6, na hilo hatukuambiwa garini, tuligundua kambini Shira usiku wa pili, kiongozi aliposoma ratiba ya kesho na keshokutwa. Hesabu ni hii. Lemosho ya siku 8, kabla ya usiku wa kilele unalala mara nne juu au karibu ya mita 3,500: Shira 1, Shira 2, Barranco, Karanga, ndipo unafika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Machame ya siku 6 unalala mara mbili tu, Shira na Barranco, kisha Karanga unaipita kama kituo cha daladala. Kule juu hewa ya kilele ina oksijeni kama nusu ya ile ya Dar. Mwili hauzoei kwa maombi wala kwa ubabe, unazoea kwa kulala. Ndiyo maana siku ya Lava Tower unapandishwa hadi kama mita 4,600 ule chakula cha mchana halafu unashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kila mwongozaji anaijua kanuni hiyo: panda juu, lala chini.

Sisi tuliamka Barranco, tukapanda ule ukuta wa mwamba kwa mikono na magoti, tukashuka bonde la Karanga, tukapanda tena, tukafika Barafu saa 10 jioni miguu ikitetemeka. Tukala, tukaambiwa tulale. Saa 5 usiku tukaamshwa. Mtu aliyetembea kutwa nzima anaamshwa baada ya masaa machache apande zaidi ya mita 1,200 gizani kwenye baridi. Kwa ratiba niliyoilipia, siku hiyo ningelala Karanga, na Barafu ningefika kesho yake mchana nikiwa na nguvu.

Mdogo wangu alianza kutapika mapema. Nikadhani ni uji. Baadaye nikamwona anatembea kama mlevi, mguu wa kushoto unakatiza mbele ya wa kulia, nikamwuliza tarehe ya kuzaliwa ya mama akanitajia mwezi tu. Kiongozi msaidizi alimmulika tochi usoni mara moja, akasema, "Dada anashuka sasa hivi, hakuna mjadala." Namshukuru kijana yule mpaka leo. Tukashuka naye, mimi nimemshika mkono mmoja, yeye mwingine. Jua lilichomoza nyuma ya Mawenzi sisi tukiwa tunateleza kwenye changarawe kurudi Barafu. Mgumu mmoja (mpagazi) aliyebaki kambini alituona kwa mbali, akaja na chupa ya chai, akamvisha mdogo wangu koti lake mwenyewe.

Na hapa niseme jambo, kwa sababu najua wako watakaowarukia wagumu. Wale wanaume hawana kosa. Barafu hakuna maji, wanayabeba toka Karanga vichwani na mabegani ili wewe unywe chai. Wanalipwa kwa siku. Kampuni ikikata siku mbili kwangu, imekata siku mbili za ujira wao pia. Ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku, kambi kwa usiku, chakula kwa siku, ujira kwa siku. Kila siku iliyokatwa inaacha pesa mahali, na mahali penyewe si mfukoni mwa mgumu wala mwangu.

Niliporudi ofisini nikaweka ratiba mezani, ile waliyonitumia wenyewe, imeandikwa Mti Mkubwa, Shira 1, Shira 2. Yule mama wa ofisini akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Mwalimu, kwani si mmeuona mlima? Mlima ni ule ule. Mkirudi mwakani tutawapunguzia." Nirudi? Na wao?

Mnaojiandaa, nawaomba. Msikubali jina la njia peke yake, dai ratiba iliyotaja kila kambi na kila usiku, kwa maandishi. Getini omba kuona kibali kabla hujatia saini kitabu, angalia njia iliyoandikwa na idadi ya siku. Kama pesa au likizo yako inatosha siku 6 tu, msiende Machame ya siku 6 kwa sababu ya picha. Chukueni njia ya Marangu ya siku 6, mlale usiku wa ziada kambi ya Horombo, ile siku ya kupumzika mtembee hadi miamba ya Zebra Rocks mrudi kulala pale pale. Kama huna uwezo wa kilele kabisa, kuna kutembea toka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara na kreta ya Maundi, unarudi siku hiyo hiyo, na hakuna aliyekunyang'anya chochote. Wanaoenda msimu wa mvua waulizie njia ya Rongai, upande wa kaskazini hupata mvua kidogo.

Mdogo wangu yuko salama, asanteni mlioniuliza inbox. Hataki kusikia habari ya mlima.

Ninachodai ni siku mbili zangu zilizokatwa na tofauti ya bei kati ya njia niliyolipia na niliyopelekwa. Kuna yeyote humu aliyewahi kudai kitu cha namna hii akalipwa? Ulianzia ofisi gani, barua uliiandikaje, ilichukua muda gani? Ratiba ninayo, risiti ninazo, meseji zote ninazo.