Jirani kafunga mlango wa paa la ghorofa letu, anafugia kuku, na matanki ya maji yako huko huko. Nianzie wapi?

Wakuu, salamu.

Nakaa Upanga, ghorofa la familia kumi na mbili, tumenunua, kila nyumba na hati yake. Paa ni bapa: simtank za jengo zima ziko pale, na kamba za kuanikia nguo. Mzee wetu wa ghorofa ya juu aliweka banda la kuku huko, tukanyamaza. Ni mtu mzima, kastaafu, na mayai alikuwa anatugawia. Likaja bati, likaja turubai, sasa mlango una kufuli na ufunguo anao yeye tu.

Wiki iliyopita boya la tanki moja likaharibika, maji yakamwagika usiku kucha, na mgao mnaujua wenyewe. Fundi kafika asubuhi, mzee yuko Morogoro msibani na ufunguo kaenda nao. Aliporudi nikamuuliza kwa adabu. "Mwanangu, nilinunua nyumba ya juu, na juu yake ni kwangu." Taa za vifaranga nazo zinakula LUKU ya ngazi na pampu, tunayochanga wote.

Sitaki ugomvi. Mkewe ndiye aliyemuuguza wangu alipojifungua.

Mgeni wa Jiji: Pole mkuu, ila yale mayai ndiyo ilikuwa kodi ya paa, mkala 😂

Karani Mstaafu: Huyo mzee hana paa. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, ukinunua nyumba ghorofani unapata nyumba yako pamoja na fungu lako katika vya wote: ngazi, paa, uwanja. Aliye karibu navyo hapati zaidi, la sivyo wa chini angedai msingi. Fungueni ramani inayoambatana na hati, mwoneshe kwa kidole nyumba yake inapoishia. Chama cha wamiliki kipo?

Mleta uzi: Kipo cha WhatsApp 😅 Hela ya LUKU na mlinzi anakusanya dada mmoja wa ghorofa ya pili.

Karani Mstaafu: Basi shida yenu ni hiyo, kuku ni matokeo. Sheria imewapa chama usimamizi wa vya pamoja. Bila chama hai, ni wewe na mzee mnavutana. Itisheni kikao cha wamiliki wenyewe. Nyumba yenye mpangaji, mwenye nyumba apigiwe simu hata kama yuko Muscat. Muandike muhtasari, watu wasaini. Na kufuli msilivunje.

Fundi Bomba Keko: Mimi naongelea maji. Kuku na simtank havikai pamoja. Kifuniko kikikaa vibaya, manyoya na vumbi la kinyesi vinaingia, halafu mnapigia mswaki. Nimeshatoa manyoya kwenye chujio la pampu kwa mkono huu. Ufunguo wa pili ukae kwa mlinzi leo, msingoje kikao. Na balbu mbili za wati 100 zikiwaka usiku na mchana ni karibu yuniti 5 kwa siku. Mpigieni hesabu hiyo mbele yake.

Mama Wawili: Usimwendee na sheria mkononi, mtu wa umri ule utamkaza. Tumeni watu wazima wawili, waanze na habari ya moto. Ngazi zikijaa moshi, wa juu watakimbilia wapi na mlango una kufuli? Anayelala karibu na mlango huo ni yeye na mkewe.

Mtoto wa Gerezani: Ustaarabu mpaka lini? Kwetu Kariakoo jirani alianza na jiko la mkaa chini ya ngazi, leo ni duka kamili. Nenda Baraza la Ardhi.

Karani Mstaafu: Baraza la Kata tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila kupatana ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko nako wataanza kuuliza muhtasari wenu uko wapi.

Mleta uzi: Ahsanteni. Nimepitia kwa mke wa mzee, ufunguo wa pili umetoka jioni hii. Taa za vifaranga mzee kakubali kuzihamishia LUKU yake, kanuna kidogo. Banda bado hataki kusikia. Kikao ni Jumapili. Mwenye mfano wa kanuni za jengo anisaidie.

Karani Mstaafu: Nakutumia inbox.

Mgeni wa Jiji: Wakiamriwa kuhama, hao kuku anauza bei gani?