Naomba ushauri: kanzu ya Ijumaa darasani

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Lamu. Ijumaa huvaa kanzu na kofia ya vito (ile ya kudariziwa), maana kipindi changu cha mwisho kikiisha naelekea msikitini moja kwa moja. Juzi mwalimu mkuu mpya, katoka bara, kaniambia kanzu si vazi la kazi, nivae shati na tai. Tai, na joto hili la kaskazi! Jana shati lilinigandia mgongoni hadi watoto wakacheka. Kanuni za TSC (tume inayoajiri walimu) za 2015, ninavyozielewa, zinataka mwalimu avae kwa heshima. Kanzu iliyopigwa pasi haina heshima? (Chaki huichafua upesi, hilo nakubali.) Sasa nimwandikie barua, au nimtume mzee mmoja wa bodi ya shule akazungumze naye kwanza?