Nataka ajabu ya kweli ya kuonyesha kwa macho, si kwa simu

Kijukuu_wa_Mkomani

Asalaam alaikum jamani, na wengine habari zenu. Nimekuja kuomba msaada maana nimeaibishwa vibaya. Sisi huku Amu baada ya Isha tuna baraza yetu, watu saba nane hivi, kahawa chungu inapita, na yuko mzee mmoja, jina namuwekea stara, kila ukisema kitu jawabu lake ni moja tu: "Umeona wapi?" Sasa Ijumaa iliyopita mimi nikajitia mjuzi nikasema pweza ana mioyo mitatu. Wallahi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kikoi. Nikatoa simu nimsomee, akaniambia hiyo simu yako juzi ilisema kutanyesha, kumenyesha? Na kweli hakukunyesha, basi baraza zima likahamia upande wake, nikalipa kahawa ya watu wote na halua juu.

Nataka kisasi. Nipeni mambo ya ajabu, ya kweli kabisa, lakini sharti niweze kumtilia mkononi au aone kwa macho yake, hapa hapa Lamu au pahala pa nauli ndogo. Zile za sayari msiniletee. Najua Zuhura siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake, inajizungusha mara moja kwa siku 243 za kwetu na kumaliza kulizunguka jua kwa siku 225, lakini nikimwonyesha ile nyota inavyong'aa magharibi ataniambia mbona imekaa tu.

MamaPweza_Shela

Mwanangu wewe ulikuwa na haki yako ukashindwa kuidai. Mimi nakaanga pweza tangu sijaolewa. Nenda maji yakipwa ungojee wanaorudi mwambani kuchokoa, nunua mmoja ambaye HAJAPIGWA kwenye jiwe, akishapigwa hutaona kitu. Kile sisi twaita kichwa, kipindue ndani nje kama foronya. Utaona matamvua mawili, moja huku moja huku, na kwenye shina la kila tamvua kuna kifundo kama harage, hiyo ndiyo mioyo midogo, kazi yake kusukuma damu kwenye matamvua basi. Wa tatu ni mkubwa kidogo, uko katikati, huo ndio unaopeleka damu mwili mzima. Na mjukuu wangu aliyesomea mambo ya bahari aliniambia pweza akiogelea huo mkubwa husimama, ndio maana anapenda kutambaa, kuogelea kwamchosha.

Damu yake pia ni buluu. Si buluu ya wino msije mkanilaumu, ni kama maji ya kusuuzia kanzu yaliyotiwa buluu kidogo. Yetu ina chuma, yake ina shaba, ikipata hewa yageuka.

Halafu ukimaliza mkate mnyiri mmoja umuwekee mzee mkononi. Utamshika! Pweza neva zake nyingi, kama thuluthi mbili, haziko kwenye ubongo ziko kwenye minyiri, kwa hiyo mnyiri ukikatwa haujajua kama mwenyewe amekufa. Mie mara ya kwanza ulinishika kidole gumba nikatupa kisu na pweza na sufuria yote ikaenda.

Pau_na_Shupaza

Hahaha maskini sufuria. Ndugu yangu mbona mwaenda mbali, hapo barazani hakuna karata? Mwambie huyo mzee azitaje zile rangi nne. Atasema kopa, uru, pau, shupaza. Mwulize hicho ni Kiswahili cha wapi, atakwambia cha babu zake. Basi mwambie amezungumza Kireno dakika nzima bila kujua. Copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni magongo, espadas ni panga, ndivyo zilivyochorwa karata za Wareno za zamani, kwa hiyo ile kopa unayoiona kama moyo jina lake ni kikombe. Na karata lenyewe ni lao. Amekaa anaegemea meza, neno lao, mkewe kajitanda leso, lao, bendera ya skuli, lao. Gereza ndiyo yanichekesha zaidi maana imetokana na igreja, kanisa kwa Kireno, sijui babu zetu waliona nini mle ndani wakalifanya jela.

MalindiDamuDamu

Nyinyi wa Lamu mtabaki na karata na pweza. Ajabu ziko huku kwetu bwana. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na TWIGA, mzima, kavuka bahari, akapewa mfalme Yongle. Wachina kumwona wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wa hadithi zao anayejitokeza mfalme akiwa mwadilifu, mwaka mmoja nyuma walikuwa wamepata mwingine kutoka Bengal, kwa hiyo fikiria raha ya mfalme, qilin wawili! Vasco da Gama wakati huo hata hajazaliwa, yeye kaja hapa 1498. Na kama huyo mzee hataki hadithi, mwaka 2010 Mambrui palichimbwa sarafu ya Kichina ya zamani za huyo huyo Yongle, na 2013 ikapatikana nyingine kisiwani Manda, hapo mbele yenu mwavuka kwa boti kwenda kupanda ndege hamjui mwakanyaga nini.

Bado. Satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kutazama mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka Ngomeni, baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndio maana ikaitwa Uhuru. Mradi wa Wataliano na Wamarekani. Wakachagua hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta, dunia huku inazunguka mbio kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi ikirushwa kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure, na ikimwaga vyuma vyake vinaangukia bahari si nyumba ya mtu. Data za hiyo Uhuru ndizo zilizosaidia watu kushuku kwamba Cygnus X-1, kitu cha angani kinachotoa mionzi hiyo, ni shimo jeusi, na bwana mkubwa wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, akapata Nobel 2002.

Na silakanti je? Samaki waliyedhani ametoweka pamoja na dainosa miaka milioni 66 iliyopita, akavuliwa Afrika Kusini 1938, na 2001 akanasa kwenye wavu hapa Malindi. Jibuni hiyo.

Kijukuu_wa_Mkomani

Nakujibu kwa ustaarabu kaka. Twiga wa 1415 nimuweke wapi barazani? Silakanti nikimtaja, mzee ataniuliza mimi "umeona wapi". Ile ya Ngomeni nimeipenda, nguzo za jukwaa zaonekana baharini hata leo, lakini nauli ya Ngomeni kwa watu wanane ni zaidi ya halua.

mpita_njia254

mwambie pia Ibn Majid ndo alimpeleka Vasco da Gama India kutoka malindi, hyo ni fakti

Mwalimu_Gede

Hiyo usiende nayo mdogo wangu, utalipa kahawa mara ya pili. Rubani alipatikana Malindi kweli na wakavuka mpaka Calicut kwa siku ishirini na kitu, lakini waandishi wa Kireno wa wakati ule wanamtaja kama Mgujarati, na Ibn Majid mwenyewe alikuwa bingwa wa bahari ambaye hahitaji kupewa safari ya mtu mwingine ili awe bingwa.

Mimi nakupa mnyama. Msitu wa Arabuko-Sokoke na huku magofuni Gede kuna sengi, wa ukubwa wa sungura mdogo hivi, pua ndefu inachezacheza kama mkonga, nyuma kwenye matako ana baka la dhahabu kama amekalia rangi mbichi. Kila mgeni husema panya. Si panya hata kidogo, ukifuata ukoo sengi yuko karibu na ndovu kuliko panya. Kundi lao ni moja, ndovu, pimbi, muhanga, sengi na nguva. Naam, nguva wa baharini. Kama mzee wenu ana rafiki mvuvi wa upande wa Kiunga aliyewahi kumwona nguva kwa karibu, amwulize chuchu ziko wapi. Ziko kifuani karibu na kwapa, kama ndovu, si nyuma kama ng'ombe, na dume mkubwa hutoa vipembe. Hapo atakuwa ameambiwa na mtu wake, si na simu yako.

Kumwona sengi njoo asubuhi mapema, ukae kimya. Utasikia majani makavu yakichakuliwa kabla hujamwona, kisha anakata mbio na unabaki na ile dhahabu tu machoni. Wanafunzi wangu hawajawahi kunyamaza vya kutosha.

NahodhaMstaafu

Ndoo kijana. Hao wote wakupeleka mbali na umelala chini ya ajabu yenyewe.

Usiku ukilala chali wangalia nini? Dari. Na dari ya nyumba zetu za mawe imebebwa na nini? Boriti za mikoko. Basi chukua futi ya fundi upime upana wa chumba, si urefu, upana, ukuta kwa ukuta kule boriti zilikolalia. Utapata baina ya mita mbili na nusu na mita tatu. Ingia kwa jirani, hivyo hivyo. Mui mzima. Urefu waweza kuwa wowote, viko vyumba virefu kama ushoroba, lakini upana haupiti hapo, maana boriti ikizidi yapinda na juu yake kuna mawe ya matumbawe na chokaa, huo si mzigo wa mchezo. Aliyeamua chumba chako kiwe chembamba si fundi wala si babu yako, ni mti.

Na ajabu haijesha. Majahazi yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yana tende, yana chumvi, yakangoja upepo wa kusi uvume, yakarudi na boriti kwa makorija, korija moja boriti ishirini. Zikaenda Kuwait, zikaenda Bahrain, kule hakuna mti wa kujengea. Basi nyumba zao za kale vyumba vina upana karibu uo huo wa vyumba vyetu. Mtu yuko jangwani hajawahi kuiona Lamu maishani, na chumba chake kimekatwa kwenye mikoko yetu. Mimi nalihesabu korija hizo nikiwa kijana, bega langu la kulia hata leo lina alama.

Kama bado yuwabisha mpeleke mkononi mwa bahari maji yakiwa yamejaa nusu. Mkoko hauangushi mbegu kama mwembe, wajifungua. Mche waota ungali juu ya mama, wening'inia kama kisu kirefu cha kijani, ukikomaa washuka wima ukachomeka kwenye tope, au maji yakiwa yamejaa waelea ukatafute kwako. Kisha mtafute mchu, mwambie mzee alambe jani. Chumvi. Mti huo wanywa maji ya bahari ukatema chumvi majanini. Kulamba hakuna "umeona wapi".

Pau_na_Shupaza

Nahodha umetuua. Kumbe pau ya karata ni gongo na pau ya mkoko nayo ni gongo, nimekuwa nikicheza na paa la nyumba.

Kijukuu_wa_Mkomani

Jamani nimerudi, wiki imepita, nawapa habari kamili.

Nilianza na pweza. MamaPweza Mungu akuzidishie, nilifuata maneno yako yote, mioyo mitatu nikaipanga kwenye kisosi. Mzee akaisukuma kwa kijiti, akasema "Hivyo ni vifundo, moyo hupiga." Nikamwambia mzee pweza amekufa! Akasema basi hatuna ushahidi. Lakini mnyiri nilipomuwekea kwenye kiganja ukamshika, wallahi aliruka akakanyaga birika, na kwa dakika tano hakusema neno, akawa anatazama zile alama za duara kwenye ngozi yake.

Jani la mchu akalamba, akasema nimelitia chumvi mimi njiani. Sikubishana, nilijua ninalo la Nahodha.

Juzi nikaja na futi. Nikaanza na chumba chake mwenyewe, alichozaliwa. Mita mbili na sentimita sabini na tano. Akasema sadfa. Kwa jirani mkono wa kulia, mbili na themanini. Nyumba ya pili yake, mbili na sabini. Hapo akaninyang'anya futi akaanza kupima mwenyewe, baraza zima tuko nyuma na tochi za simu, akina mama wanatuuliza mmepoteza nini. Tukafika nyumba moja, chumba cha mbele kikatoka mita nne na ushei! Mzee akapiga kelele mpaka punda wakaamka, "Umeona wapi! Umeona wapi!" Nikaona nimekwisha. Kisha mtoto mmoja wa pale akamulika juu. Saruji na nondo, dari imebomolewa ikajengwa upya, boriti hata moja hakuna.

Mzee akasimama pale anaangalia dari kwa muda. Kahawa amelipa yeye. Halua amesema tungoje mpaka apime kwanza nyumba ya dada yake Langoni, na futi ya fundi hajairudisha.