_sbrk isiyojua kukataa: nimepoteza wiki tatu kwa faili moja la magumashi

Wakuu, salamu kwenu. Leo sina utani. Nimepanda treni mpaka Dodoma kisha basi mara mbili, kwenda kuzima na kuwasha kijisanduku kimoja tu, na sasa nimemjua aliyeniponza: _sbrk, funksheni ya kuongeza kumbukumbu, iliyoandikwa hovyo kwenye faili la muuzaji wa bodi. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Kisa chenyewe. Nina kidhibiti cha pampu ya kisima, kijiji kimoja mbele ya Kondoa. Ndani kuna maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya Cortex-M3, aina ya ARM, yenye RAM ya kilobaiti 20 na fleshi ya kilobaiti 64, pembeni modemu ya GSM. Kazi yake si kubwa: kupima kina cha maji, kuwasha na kuzima pampu, kutuma SMS kwa katibu wa kamati ya maji. Bodi tuliinunua pamoja na kifurushi cha programu cha muuzaji: FreeRTOS ya kuendesha kazi kadhaa kwa zamu, na maktaba ya C, newlib, ikiwa imeshafungwa. "Hiyo imeshasetiwa, wewe andika main yako tu." Ndivyo tulivyoambiwa. Jina la muuzaji sitaji, msinifuate PM.

Mezani kwangu ilikaa siku nne bila hata kukohoa. Kisimani ikafa siku ya sita. Nikaenda, nikaiwasha, ikafa siku ya tano. Katibu ni mama mtu mzima, hana matusi, lakini ile "mwanangu, maji hayatoki tena" asubuhi ya Jumapili inauma kuliko tusi.

Kwa ambao hawajawahi kushika mambo haya: newlib si kama glibc au musl, maktaba za C za kwenye Linux. Zile mbili zinajua chini yao kuna Linux, zikitaka kitu zinaiomba. Newlib ilikusanywa na kampuni ya Cygnus mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mashine ambazo hazina chochote chini. Inajua kupanga tarakimu, kukata maneno, kugawa kumbukumbu. Isichokijua ni herufi ziende wapi, kumbukumbu itoke wapi, na saa ni ngapi. Hayo inakuuliza wewe mwenye bodi, kupitia funksheni chache unazoziandika mwenyewe: _write, _read, _sbrk, _fstat, _isatty, _lseek, _close, _exit, _kill, _getpid, na kama unataka saa, _gettimeofday. Hazizidi sana vidole vya mikono miwili. Sisi kazini tunaziita vizibo, kwa sababu mara nyingi ndiyo kazi yake, kuziba tundu ili linka, programu inayounganisha vipande vya kodi, inyamaze.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kizibo kina ruhusa ya kukataa. Kinarudisha -1, kinaweka errno (namba ya kosa) kuwa ENOSYS, yaani "huduma hii haipo", mchezo umeisha, aliyekiita anajua hakuna huduma. Newlib yenyewe inakuja na seti ya namna hiyo, libnosys, na ukiitumia linka inakupigia kelele kwamba _write haijaandikwa na itashindwa siku zote. Kelele hizo zinaudhi, nakubali. Lakini ni kelele za kweli! Muuzaji wangu yeye kaona aibu mteja kuziona, akaandika faili lake ambalo kila kizibo kinasema "sawa bosi, tayari". Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu mwenyewe ndiye mimi, na nimepitia Kondoa.

Dalili ya kwanza niliipuuza, na hilo kosa nalibeba. Rekodi za pampu kwenye seva zote zilikuwa na tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Nikadhani ni betri ya saa. Kumbe _gettimeofday yao inajaza sifuri na kurudisha 0, yaani "nimefanikiwa". Ingerudisha -1, basi time() ya newlib ingenipa -1 na programu yangu, ambayo inakagua hilo, ingesubiri saa ya mtandao wa simu. Haikusubiri, kwa sababu iliambiwa saa ipo.

Dalili ya pili ni ya kuchekesha kidogo. Niliunganisha waya nione ujumbe wa kuwaka, kimya. Dakika kadhaa baadaye ukamwagika wote kwa mkupuo. _isatty yao inarudisha 0, _fstat haisemi kama hiki ni kifaa cha herufi, kwa hiyo newlib ikaona inaandika kwenye faili la kawaida na ikawa inakusanya mpaka bafa (nafasi ya kungojea) ijae, baiti 1024, ndipo inaachia. Kwenye RAM ya kilobaiti 20, kilobaiti nzima imekaa inangoja ijae. Mstari mmoja wa setvbuf, wa kuiambia isikusanye, ukamaliza. Na ujumbe ulipotoka, kina cha maji kwenye jaribio la kuwaka kilikuwa namba ya ajabu, mita milioni kadhaa. Skripti yao ya linka, inayopanga nini kikae wapi kwenye kumbukumbu, inaanzisha steki (nafasi ya muda ya funksheni) kwenye 0x20004FFC, wakati kanuni ya ARM inataka anwani inayogawanyika kwa 8. Steki ikipinda kwa baiti nne, printf, funksheni ya kuandika maneno na namba, ikienda kuchukua namba yenye desimali inaichukua kutoka pembeni. Walitakiwa kuandika 0x20005000 tu. Nani alikaa akatoa nne, na kwa nini, ningelipia soda kujua.

Sasa njooni kwenye _sbrk, ndiyo iliyoua.

Malloc ya newlib, yaani mgawaji wa kumbukumbu, ikiishiwa inaiita _sbrk: niongezee baiti kadhaa. _sbrk inasogeza alama ya mwisho wa hipu (eneo ambalo malloc inagawa) kwenda juu. Steki nayo inashuka kutoka kileleni mwa RAM. Kwa hiyo mwongozo wa newlib unakupa mfano wenye ulinzi: kabla ya kusogeza, linganisha na ilipo steki kwa sasa, kama mtagongana, simama. Ulinzi huo ni sahihi kwenye mashine yenye steki moja. Kwenye FreeRTOS kila kazi ina steki yake, na steki hizo mara nyingi ni vipande vya RAM vilivyo chini ya mahali hipu inapoanzia. Ukilinganisha na steki ya kazi inayoendeshwa sasa hivi, hipu inaonekana imeshaipita tangu siku ya kwanza, na kila malloc inakataliwa hata kama kuna nafasi tele.

Mtu wa kule kwa muuzaji alikutana na jambo hili. Najua, maana alama za viatu vyake zipo. Nimefungua faili lao na mistari minne ya ulinzi ipo pale pale, imewekewa // mbele. Hakuna maelezo, hakuna tarehe. Malloc ilikuwa inakataa, akazima anayekataa, ikaanza kukubali, akaenda kunywa chai. Dawa halisi ilikuwa kulinganisha na mpaka uliowekwa kwenye skripti ya linka badala ya steki ya sasa. Mstari mmoja hapa, mmoja kule.

Matokeo yake hesabu ni hii. Data zangu na steki za kazi zinakula kama kilobaiti 13. Steki kuu, ambayo FreeRTOS ikishaanza inabaki kwa ajili ya interapti (kodi inayokatiza kazi kifaa kikiita), imetengewa kilobaiti 1 kule juu kabisa. Hipu inabaki na 6 hivi. Ujumbe wa SMS unatengenezwa na kufutwa, unatengenezwa na kufutwa, urefu tofauti tofauti, hipu inakatika vipande na alama yake inapanda polepole. Siku ya kwanza ipo chini. Siku ya tano inagusa steki kuu, na _sbrk inasema "sawa bosi". Tangu hapo modemu ikituma herufi, interapti inaandika vitu vyake juu ya vichwa vya vipande vya malloc. Malloc inayofuata inashika anwani ya uchafu, prosesa inagoma (HardFault), pampu kimya.

Nililijua hilo baada ya kupaka eneo la steki kuu lote kwa baiti moja ya alama, 0xA5, wakati wa kuwaka, kisha kuongeza kasi ya SMS za uongo mara kadhaa mezani na kuchungulia kumbukumbu kwa dibaga, chombo cha kutafuta makosa. Jioni ya siku ya pili 0xA5 zilianza kuliwa kutoka chini, upande ambao steki haikuwa imefika bado. Steki inakula kutoka juu. Hapo nikasimama, nikazunguka chumba.

Bado sijamaliza. Newlib kabla ya kugusa hipu inaita __malloc_lock na ikimaliza __malloc_unlock, ili kazi mbili zisiingie kwa pamoja. Nikaenda kuangalia kama muuzaji amezijaza. Zipo! Majina yapo, mabano yapo, ndani hamna kitu. Komeo la kuchora ukutani. Asingeziandika kabisa ningepita kwenye faili, nikaona hazipo, nikaziweka. Alivyoziandika tupu, nilizipita mara tatu nikijua suala la kufuli limeshughulikiwa.

Nilivyotengeneza, kwa atakayehitaji. Faili lao nimelifuta lote. Newlib nimeijenga mwenyewe kutoka kwenye chanzo, kwenye folda tofauti na ya chanzo, kwa --target=arm-none-eabi na --disable-newlib-supplied-syscalls ili isiniletee vizibo vyake kimyakimya. Kompyuta yangu ilijenga nusu siku kwa sababu inatengeneza nakala kwa kila aina ya prosesa ya ARM, na umeme ulikatika katikati, hilo la kwetu wenyewe. Kwenye skripti ya linka nikaweka alama ya mwisho wa hipu, kilobaiti 1 chini ya kilele. _sbrk ikifika hapo inaweka errno kuwa ENOMEM (kumbukumbu imekwisha) na kurudisha (void *)-1, malloc inanipa NULL, yaani hamna, SMS hiyo moja haiendi, pampu inaendelea. Kufuli nimelijaza kwa vTaskSuspendAll na xTaskResumeAll, za FreeRTOS za kusimamisha na kurudisha zamu za kazi; zinahesabu, kwa hiyo kazi ileile ikifunga mara mbili haijifungii nje, na newlib inataka hivyo. Kila kitu ambacho bodi haina nimekiachia libnosys, kinarudisha -1 na ENOSYS. Linka inapiga kelele ukurasa mzima. Iache ipige.

Muuzaji nimemwandikia barua pepe yenye mistari, anwani na picha ya dibaga. Jibu: "Wateja wengine hawajalalamika, tafadhali jaribu toleo jipya la kifurushi." Nimelipakua toleo jipya. // nne zipo palepale.

NYONGEZA 1: Mdau anauliza kwa nini natumia malloc kwenye kijitu chenye kilobaiti 20, ningetumia nafasi zilizotengwa tangu mwanzo. Mkuu, kwa SMS una haki, nimeshabadilisha. Lakini hata usipoandika neno malloc popote, printf yenye %f ya newlib inachukua kumbukumbu kwenye hipu ili kugeuza desimali. Kwa hiyo _sbrk inakuhusu, utake usitake. Na tafadhali usiweke printf ndani ya interapti, nimeona mtu kaweka kwenye uzi mwingine humu jukwaani nikafunga simu.

NYONGEZA 2: Wanaosema nihamie picolibc ya Keith Packard: naijua, ni maktaba ya C iliyozaliwa na newlib ikachukua sehemu ya kusoma na kuandika (stdio) kutoka maktaba ya AVR, aina nyingine ya chipu ndogo, printf yake haihitaji malloc, na kwa bodi kama hii ni chaguo zuri. Bodi ijayo naanza nayo. Ila msinigeuzie kesi. Newlib iliuliza swali sahihi, na mwongozo wake unaeleza. Aliyejibu uongo ni muuzaji, na angejibu uongo huohuo kwa maktaba yoyote ile.

NYONGEZA 3: Ndugu uliyesema "si ungesoma faili lao kabla ya kupeleka kijijini". Kweli. Niliambiwa imeshasetiwa nikafurahi. Na wewe yako umeisoma? Fungua sasa hivi faili la vizibo la bodi yako, tafuta _sbrk, niambie inalinganisha na nini.

Kile cha Kondoa kimefikisha siku ya 19 leo. Kuna viwili vingine vya aina hiyo havijabadilishwa, kimoja kinaelekea siku yake ya tano, kwa hiyo kesho alfajiri nipo stesheni.