Kikundi: Ukoo wa Bibi Tanga 💚

Shangazi Houston: Haya jamani! Mdogo wenu kachaguliwa dril timu ya shule! 🎉

Mjomba: Hongera zake. Ndo kitu gani hicho?

Shangazi Houston: Gwaride na dansi kwa pamoja. Mapumziko ya mechi wasichana wanaingia uwanjani mstari mmoja, mguu unarushwa hadi kwenye ukingo wa kofia.

Mama Mdogo: Na sketi inaishia wapi?

Shangazi Houston: Nilijua tu utauliza 😅

Kaka: Hapo Texas ndiyo nyumbani kwake. Mwalimu Gussie Nell Davis alianzia Greenville High School mwishoni mwa miaka ya 1920, kikundi kikiitwa Flaming Flashes. Wasichana wa kushangilia akawatia gwaride na ngoma. 1939 akachukuliwa na chuo cha Kilgore, mji wa visima vya mafuta. Mkuu wa chuo alikuwa na kero: ikifika mapumziko, watu wanajificha chini ya majukwaa kupiga mtindi. Akataka kitu cha kuwabakisha vitini. Septemba 1940 kikundi chake kipya, Rangerettes, kikatoka, shati jekundu, sketi ya bluu, kofia nyeupe.

Mjomba: Kumbe dawa ya ulevi ni kurusha miguu 😂😂

Kaka: Cheka tu, sekondari zikaiga hadi leo. Ila watu wa Edinburg High, kusini kule, wanasema wa kwanza ni wao, miaka ya 1930, chini ya mwalimu Kay Teer. Ugomvi huo siuingilii.

Bibi: Nyie watoto, si beni hiyo, ngoma yetu ya gwaride ya zamani? Baba yangu alikuwa kundi la Marini. Sare zimenyooka, tarumbeta mbele, kuna Kingi, kuna Jenerali, mistari haipindi. Ilitoka Lamu na Mombasa ikatufikia huku. Arinoti, kundi pinzani, nao wakija na yao, viatu hawana 😏

Mjomba: Bibi, hadi leo hujawasamehe Arinoti?

Bibi: Sijawasamehe.

Mama Mdogo: Lakini mama, akina babu walivaa suruali.

Bibi: Wewe nawe na sketi! Mtoto arushe mguu. Nitumieni video, picha siitaki.

Shangazi Houston: Mazoezi saa 12 asubuhi, Bibi, giza bado. Halafu buti na kofia ananunua mzazi… naomba mchango 🙏

Kaka: 🏃🏾

Mjomba: Mtandao unasumbua huku.

Mama Mdogo: Mimi natuma leo. Ila kwenye hiyo hela toa ya taiti ndefu, nzito.